Doa la Dari: Kudra, Sababu na Wajibu katika Nyumba za Voi

Swali la mpaka uliopo kati ya kudra ya Mwenyezi Mungu na kazi ya mikono ya binadamu limezoeleka kujadiliwa kwa mifano mikubwa, kama vile kifo, vita na tauni, ingawa linajitokeza kwa uwazi usiopungua katika jambo dogo la nyumbani ambalo watu wengi wa Voi walioishi chini ya mabati wanalifahamu, nalo ni doa la rangi ya chai linalochomoza darini baada ya mvua ya usiku, likatanuka na kufanya pete, kisha likaulegeza ubao hadi ukafura na kuning'inia. Dari inayozungumziwa hapa ni lile tabaka la mbao, la jipsamu au la bodi laini linalopigiliwa chini ya kenchi za paa ili kupunguza joto la mabati na kusitiri muundo wa juu, ambalo mafundi wengi wa Kenya huliita silingi.

Mahali lilipo swali hili si jambo la kando. Voi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda kavu zilizopo kati ya vilima vya Dawida na Sagalla kwa upande mmoja na mbuga ya Tsavo Mashariki kwa upande mwingine, na katika mwaka wa kawaida hupata kiasi cha milimita 550 hivi za mvua, nyingi zikinyesha wakati wa vuli, miezi ya Novemba na Desemba, ilhali sehemu za juu za Dawida zinazopokea mawingu ya bahari hupata zaidi ya milimita 1,000. Katika nchi ya namna hii mvua haisubiriwi tu, huombwa: Waislamu huswali istiskaa, yaani swala ya kumwomba Mungu mvua wakati wa ukame, Wakristo hukusanyika kwa maombi, na Wadawida wa zamani walikuwa na wataalamu wao wa mvua. Misimu iliyokosa mvua mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 iliwafilisi wafugaji na wakulima wengi wa kaunti, kisha mvua za El Niño zikaja katika robo ya mwisho ya 2023 kwa nguvu ambayo haikuchagua mabati mapya wala makuukuu. Kwa hiyo maji yanayoharibu dari ya Voi ni yale yale yaliyoombwa, na mwenye kuyapokea chumbani mwake hawezi kuyaita laana bila kujipinga. Je, madhara hayo yanasibishwe na nani?

Majibu mawili husikika. La kwanza husema kwamba ni mapenzi ya Mungu, na linalotakiwa ni subira. La pili husema kwamba ni uzembe wa mtu, na Mungu asitajwe kabisa. Makala haya yanashikilia kwamba la pili linapunguza imani bila sababu, na kwamba la kwanza ni la kweli kuhusu mvua lakini huwa si kweli linapohamishwa kutoka kwenye mvua kupelekwa kwenye paa, tena uhamisho huo wa kimyakimya ndio unaowaumiza watu, kwa kuwa unamvisha mwenye wajibu vazi la mcha Mungu na kumwachia mwenye kudhurika kazi ya kuvumilia.

Ili hoja hiyo isibaki hewani, inafaa kuangalia jinsi maji yanavyoingia. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, na katika mji ambao joto hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, mwendo huo unaojirudia kila siku huongeza tundu la msumari kidogo kidogo na kuikausha raba iliyo chini ya kichwa chake mpaka ikapasuka. Kwingine bati moja limelazwa juu ya lingine kwa kipimo kifupi mno, hivi kwamba upepo wa mvua huyasukuma maji kinyume na mteremko. Kwingine mfereji wa paa, ambao mafundi huuita gata, umejaa majani na vumbi la msimu mzima wa kiangazi, maji yakakosa njia na kurudi ndani. Na penye paa la zege, ufa mwembamba au tangi linalomwagika hutosha. Maji yakishapenya hayadondoki papo hapo, bali hufuata boriti na mbao za kenchi hadi yanapokuta kiungo au msumari, na ndipo yanaposhuka, kiasi kwamba doa linaweza kuonekana mbali kabisa na tundu lililolisababisha. Mahali pa dalili na mahali pa sababu ni mahali pawili, na mwenye kuishughulikia dalili peke yake hajaigusa sababu. Jipsamu, ambayo ni unga wa madini ulioshikamana kati ya karatasi mbili, hupoteza nguvu inapolowa, na ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Hivyo mafundi wenye uzoefu huzima kwanza umeme wa chumba, hutoboa kitundu pale palipofura ili maji yashuke kwenye ndoo badala ya kuivunja dari nzima, hutafuta tundu la paani mvua ikikatika, huacha ubao ukauke kabisa au huuondoa ukiwa umelainika, na mwishoni kabisa hupaka rangi ya mafuta kabla ya rangi ya maji, kwa sababu doa lililopakwa rangi ya maji peke yake hurudi.

Katika utaratibu huo hakuna hatua hata moja inayomnyima Mungu chochote. Wanateolojia wa Kiashari, ambao mafundisho yao ya itikadi yamefuatwa kwa karne nyingi na Waislamu wa madhehebu ya Shafi katika mwambao wa Afrika Mashariki, walifundisha kwamba kila tendo huumbwa na Mungu lakini binadamu hulichuma, na uchumaji huo, unaoitwa kasbu, ndio unaomfanya awe mwenye kuulizwa. Si lazima kukubali kila undani wa nadharia hiyo, ambayo wenyewe waliijadili kwa ukali, ili kuona faida yake hapa: kusema kwamba Mungu ameumba tone la mvua na mwendo wake juu ya boriti hakumwondolei mtu chumo lake katika raba aliyoiacha ikauka.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilisogeza jambo hili karibu zaidi na maisha alipoeleza maana ya tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, katika kitabu chake mashuhuri cha kuhuisha elimu za dini. Alipofika kwenye suala la kujikinga na madhara, alikanusha kwamba kuacha kinga ni sehemu ya tawakuli, akatoa mifano ya mtu anayelala katika ardhi yenye wanyama wakali, au katika njia ya mafuriko bondeni, au chini ya ukuta ulioinama na dari iliyovunjika, akasema kwamba mambo hayo yote yamekatazwa, kwa kuwa mtendaji anajiweka katika hatari isiyo na faida yoyote. Al-Ghazali hakuijua Voi, lakini msomaji wa Voi ana haki ya kuisoma orodha hiyo kwa makini ya pekee. Wanyama wakali si hadithi katika ardhi hii, ambako simba wawili waliwaua wafanyakazi wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898. Njia ya mafuriko ipo, maana mto Voi ni mto wa msimu ambao hushuka kwa ghafla kutoka vilimani na kupita kandokando ya mji ukielekea bwawa la Aruba. Na dari iliyovunjika ipo katika nyumba ambazo hazihitaji kutajwa. Hakuna mkazi wa Voi ambaye angemsifu kwa uchaji mtu anayelaza watoto wake nje ya uzio wa mbuga, wala anayetandika mkeka katikati ya mchanga wa mto wakati wa vuli. Ni kwa nini basi anayewalaza chini ya ubao uliofura husifiwa kuwa mvumilivu?

Mapokeo ya Kiyahudi na Kikristo yana andiko linalofika mbali zaidi, nalo husomwa mara chache makanisani. Katika sura ya 14 ya Mambo ya Walawi imo sheria ya nyumba iliyopatwa na pigo, madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ndani ya ukuta, ambayo wafafanuzi wengi wa leo huyafananisha na ukungu. Andiko hilo linamtaja Mungu mwenyewe kuwa ndiye anayelitia pigo hilo katika nyumba, na msomaji angetarajia kwamba baada ya kauli nzito kama hiyo kitafuata kilio au sadaka ya toba. Kinachofuata ni utaratibu wa ukaguzi. Mwenye nyumba anapaswa kwenda mwenyewe kumwarifu kuhani. Vyombo vinatolewa nje kabla kuhani hajafika ili visije vikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Nyumba inafungwa siku saba. Pigo likiwa limeenea, mawe yaliyoathirika yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, lipu inakwanguliwa, na mawe mengine na lipu mpya vinatiwa. Na pigo likirudi baada ya hayo, nyumba inabomolewa. Ibada ya utakaso ipo, lakini inakuja mwishoni, baada ya nyumba kupona. Yaani hata pale ambapo chanzo kimetajwa waziwazi kuwa ni Mungu, mwenye nyumba hakuruhusiwa kusimama hapo. Aliamriwa kuripoti, kuondoa kilichooza na kutengeneza. Mhubiri naye, katika sura yake ya kumi, anaihusisha nyumba inayovuja na mikono iliyolegea, bila kuzitaja mbingu.

Amri ya kuripoti inastahili kutafakariwa, kwa sababu katika nyumba za kupangisha dhambi kubwa haiko katika tundu. Iko katika kopo la rangi. Mpangaji anahama kwa kuchoshwa na maji, dari inapakwa rangi nyeupe wakati wa kiangazi, chumba kinaonyeshwa kwa mpangaji mpya mwezi wa Agosti kikiwa kikavu na safi, kodi na amana vinalipwa, na Novemba doa linarudi mahali pale pale. Katika mapokeo ya Kiislamu kuna tukio lililosimuliwa katika mkusanyiko wa hadithi wa Imamu Muslim ambalo linaligusa jambo hili kwa usahihi wa kushangaza. Mtume alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani na kukuta unyevu chini ya tabaka kavu la juu, akamwuliza mwenye lundo sababu yake. Muuzaji akajitetea kwamba nafaka ilinyeshewa. Utetezi huo ni wa kiteolojia kabisa, kwa kuwa unaelekeza kidole mbinguni, nao haukukanushwa. Mvua ilikuwa imenyesha kweli. Muuzaji aliulizwa kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu ili watu waione, na hapo ndipo lilipotolewa onyo kali dhidi ya mwenye kudanganya. Mpaka unaotafutwa na makala haya umechorwa hapo kwa mkono wa mtu aliyegusa unyevu: kulowa ni kwa mvua, kuficha ni kwa muuzaji, na la kwanza haliwezi kuletwa mahakamani kulitetea la pili. Mwenye nyumba anayepaka rangi juu ya doa bila kupanda paani amelipanga lundo lake upya, sehemu kavu juu na sehemu iliyolowa chini.

Wanasheria wa dini hawakuliacha suala la paa katika mawaidha tu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaji kimekuwa tegemeo la madhehebu ya Shafi, mwambao wa Waswahili ukiwemo, aliweka katika mlango wa ijara, yaani mkataba wa kukodi manufaa ya kitu, kwamba matengenezo ya nyumba ni juu ya aliyepangisha. Akiharakisha kutengeneza, mkataba unaendelea, na asipofanya hivyo mpangaji ana hiari ya kuuvunja. Aliongeza kwamba hata theluji iliyorundikana juu ya paa huondolewa na mwenye nyumba, jambo lililokuwa na maana kwa watu wa Sham, yaani eneo la Syria, na ambalo kwa Voi linaweza kupimwa na majani yaliyoziba gata. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 imefika karibu na hapo kwa njia nyingine, kwa kuhesabu miongoni mwa masharti yaliyomo ndani ya mkataba wa upangaji, hata yasipoandikwa, kwamba nyumba iliyopangishwa kwa makazi iwe na idumu kuwa ya kufaa kukaliwa na watu, na kwamba pale ambapo ni sehemu tu ya jengo iliyopangishwa, kama vile chumba kimoja katika ploti, paa na kuta kuu za nje zitunzwe na mwenye jengo. Ni kweli kwamba Katiba ya 2010 imezifunga mahakama za Kadhi katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa hiyo hukumu ya Nawawi haiwezi kutekelezwa na Kadhi dhidi ya mwenye ploti. Imebaki kuwa sauti ya dhamiri. Hilo haliipunguzii uzito kwa muumini, na kwa kweli linaiongezea, kwa kuwa hana hakimu wa kumtupia kazi ya kumkumbusha.

Juu ya vilima, kabla ya mmisionari Wray kufungua misheni ya Kianglikana huko Sagalla mwaka 1883 na kabla ya Wakatoliki kufika Bura, Wadawida walikuwa na fikra yao kuhusu madhara, ambayo mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti wake huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliieleza kwa kirefu katika kitabu cha mwaka 1978. Kwa mujibu wa maelezo yake, mengi ya maradhi na mabaya yaliyompata mtu yalihusishwa na hasira iliyokaa moyoni, iwe ya Mlungu (yaani Mungu), ya wahenga au ya jamaa aliye hai, na hasira hiyo iliweza kudhuru hata kama mwenyewe hakukusudia. Tiba yake ilikuwa kutasa, ibada ambayo mwenye hasira hupiga funda la pombe ya miwa, au la maji, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya kuiondoa hasira na kuombea amani. Mtu anaweza kuikataa metafizikia ya fundisho hilo, yaani madai yake kuhusu namna ulimwengu ulivyo, na bado akaona ndani yake maarifa ya kimaadili ambayo sheria ya mikataba haina. Chuki ya mpangaji aliyenyamaza hukusanyika kama maji juu ya jipsamu, bila kuonekana na bila kupungua, hadi siku uzito wake unaposhinda kilichoubeba. Mpangaji wa mtaa wa Birikani au wa Sofia anayeogopa kufukuzwa akisema, na mwenye nyumba anayeogopa kuombwa fedha akiuliza, wanaishi miezi mingi chini ya kitu ambacho kila mmoja anakijua na hakuna anayekitamka. Kutasa hakukumruhusu mtu kubaki na hasira yake kwa jina la adabu. Kulimtaka aitoe mbele ya wanaohusika, na kuitoa kulikuwa ndiyo heshima yenyewe. Kwa kipimo hicho, mpangaji anayesema mapema, kwa lugha njema, kwamba maji yanaingia, anamtendea mwenye nyumba wema kuliko yule anayesubiri kimya kisha akahama usiku na deni la kodi.

Inabaki hali ngumu kuliko zote, nayo ni ya mwenye nyumba asiye na uwezo: mjane aliyeachiwa vyumba viwili vya mabati ya zamani, au mzee anayekaa mwenyewe chini ya paa analoshindwa kulipanda. Hapa ukali wa hoja zilizotangulia lazima urudi nyuma, kwa sababu wajibu haupiti uwezo, na kwa sababu kuvuja kwenyewe hakujawahi kuwa aibu. Msikiti wa Mtume mjini Madina uliezekwa kwa makuti ya mtende, na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilipenya ndani yake, naye akasujudu katika maji na tope hadi alama yake ikaonekana kwenye paji la uso wake. Hakuna aliyeulizwa siku ile kuhusu paa. Hadithi nyingine inasimulia kwamba mvua iliyoombwa siku ya Ijumaa ilinyesha kwa wiki nzima hadi mtu akaja kulalamika kwamba majengo yanaporomoka, na Mtume akaomba mvua ihamie pembezoni, isinyeshe juu yao. Hakumkaripia mlalamikaji kwa kuichoka rehema iliyoombwa. Malalamiko dhidi ya maji ya mvua, hata katika nchi kavu, yana nafasi yake ndani ya imani.

Lakini uwezo wa mtu mmoja ukikoma, swali haliishii mlangoni pake. Kusanyiko linaloomba mvua kwa pamoja limeomba pia, litake lisitake, kwamba maji yaanguke juu ya kila paa la mji, likiwemo la mjane, na ni vigumu kuona jinsi linavyoweza kushiriki katika ombi na kujitoa katika matokeo yake. Paa la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20 tu hupokea lita 1,000 za maji. Likiwa zima na lina gata, maji hayo huingia tangini na kumwokoa mwenye nyumba asinunue mitungi kwa siku nyingi, na likiwa bovu, sehemu yake huingia ndani na iliyobaki hupotea mchangani. Kazi ya kubadilisha misumari na raba, kuongeza bati lililopungua na kuzibua gata ni ya siku moja kwa fundi na vijana wawili, na misikiti na makanisa ya Voi, ambayo huchanga kwa ajili ya mazishi na harusi bila kusukumwa, yana watu wa kutosha kuifanya kwa nyumba kadhaa kila mwaka. Wakati wake ni Septemba, mabati yakiwa makavu na ngazi ikiwa salama, kabla ya siku ya kwanza ya maombi ya mvua kutangazwa.